Jeneza Tupu Kwenye Buti

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Garissa.

Upepo umeanza tena tangu adhuhuri. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimefunga madirisha yote na nimejifungia na joto langu, nikimsikiliza Hooyo akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kila akinyamaza kwa muda mrefu naacha kuandika mpaka akohoe tena.

Leo nimefundisha vipindi vitatu na sikumbuki hata kimoja. Kidato cha pili waliniambia nimeandika tarehe ya jana ubaoni, nikabishana nao kama mtu mwenye akili zake.

Nataka kuyaandika ya jana kabla sijaanza kuyapamba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kupamba ndiyo riziki yangu, na hili silitakii pambo.

Mwaka jana mama yangu, ambaye sisi tunamwita Hooyo, alilazwa majuma matatu kwa sukari na presha. Alipotoka alikuja na nadhiri. Alitaka kutengeneza jeneza na kulipeleka msikitini kijijini kwao, nje kidogo ya barabara ya Dadaab. Kwetu jeneza si sanduku la kuzikia. Ni kitanda cha chuma chenye mikono minne, cha kubebea maiti mpaka kaburini, kisha kinarudi msikitini kumngoja mwingine. Kule kijijini bado wanabebea watu kwenye kitanda cha kamba. Mama yake Hooyo alibebwa hivyo, na mguu mmoja wa kitanda ukavunjika njiani. Hooyo alikuwepo, ameiona, na hajaisahau mpaka leo.

Hakutaka itangazwe. Alisema ikifika ndiyo wajue, na hata wakijua wasijue imetoka kwa nani. Kwa hiyo hakuna aliyepigiwa simu. Hata kaka yake, mjomba wangu Abti Dubow, hakuambiwa kitu.

Kazi ya kuchomelea aliifanya Mutua, fundi Mkamba aliye na kibanda chake karibu na kwetu. Jumanne jioni alimalizia rangi ya kijani. Jana asubuhi pikapu niliyoahidiwa ikanitoroka, na mimi siku ya ruhusa nilikuwa nayo hiyo moja tu. Nikaliangalia gari langu, saluni nyeupe ndogo ambayo ikibeba magunia mawili ya unga inaanza kulalamika. Nikaliangalia jeneza.

"Itaingia tu, mwalimu," Mutua akasema. "Wacha haraka."

Mutua ana mikono ya kupakia. Alilaza viti vya nyuma, akatandika gunia kwenye mdomo wa buti ili chuma kisikwaruze, akasukuma jeneza taratibu mpaka mikono yake ya mbele ikashika chini ya viti vyetu vya mbele. Theluthi nzima ilibaki nje. Kifuniko cha buti kikalala juu yake. Akakifunga chini ya bampa kwa mipira ya tyubu kuukuu, akinieleza kwamba kamba ya katani hulegea ikipigwa na jua lakini mpira huzidi kubana. Akalitikisa jeneza. Likalia kama sufuria iliyoanguka.

"Hii kitu ikienda tupu itapiga kelele mpaka uchoke," akasema. "Tuijaze."

Akatoa godoro lake kuukuu la sponji, akalikunja kwa urefu, akalilaza ndani ya jeneza. Likakaa sawasawa. Kisha akagusa rangi kwa kidole na kidole kikanata. "Na utafute nguo ya kufunika. Vumbi ya huko itashikana na hii rangi."

Hapa ndipo ninapoanza kuona haya.

Nilirudi nyumbani. Hooyo alikuwa amelala tena baada ya swala ya alfajiri, ameelekea ukutani. Nilitoa salamu, hakuitikia. Nikasema moyoni usingizi umemchukua. Nikavuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda, nikapekua, na chini kabisa nikakuta nguo nyeupe pana, imekunjwa vizuri. Ilikuwa inanukia kafuri.

Nilijua. Siwezi kudai sikujua. Kila mtoto hapa mjini ambaye mama yake amekwenda Hija anajua kuna nguo nyeupe aliyorudi nayo, iliyooshwa kwa maji ya Zamzam, na anajua inangoja nini. Lakini jua lilikuwa linapanda, na shuka zetu nyingine zote zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni. Nikajiambia ni kitambaa tu, na kabla ya magharibi kitakuwa kimerudi mahali pake.

Mutua aliitandaza juu ya godoro, akaipenyeza pande zote, halafu akaifunga isipeperuke. Alifunga mahali patatu. Juu, katikati, chini. Yeye ni Mkristo, hakuwa na njia ya kujua. Mimi niliwahi kusimama kwenye chumba cha kuoshea maiti nikaona baba yangu anavyofungwa sanda. Nilimtazama Mutua akikaza fundo la tatu na nikamwambia asante.

Kizuizi cha kwanza cha polisi kilikuwa na foleni. Kawaida yake mnashuka wote, mnatoa vitambulisho, mnaulizwa mnakwenda kwa nani na mnarudi lini. Afande alikuwa anakuja gari kwa gari. Alipofika nyuma ya langu alisimama. Nilimwona kwenye kioo akivua kofia.

"Pole sana, mzee," akasema. "Toa gari kwa laini, pita."

Nikasema, "Asante, afande," na nikapita.

Mbele kidogo nilipunguza mwendo. Kwenye kioo niliona alichokiona yeye. Niliona mtu mrefu mwembamba amefunikwa, miguu nje ya buti, anasafiri na mimi.

Nilitakiwa kusimama na kuitoa ile nguo hapo hapo. Nilikuwa nimeshawasha taa ya kuashiria. Kisha nikakumbuka kuna vizuizi vingine viwili mbele, na siku yangu ni moja.

Nikazima taa nikaendelea.

Kizuizi cha pili walinipungia mkono kutoka mbali. Cha tatu waliinua chuma kabla sijafika. Pale wanapouza maziwa ya ngamia kandokando ya barabara, wanawake walisimama mmoja mmoja nilipopita, mikono kifuani. Mmoja wao ananijua, aliwahi kumleta mtoto shuleni kwetu. Alinitazama mimi, akatazama nyuma ya gari, akatoa simu yake. Lori la maji lililokuwa linanifuata kwa fujo likaacha kupiga honi, likabaki nyuma yangu kwa heshima mpaka lilipokata kona.

Sijawahi kuendesha kwenye ukimya kama ule. Godoro lilifanya kazi yake, chuma hakikulia hata mara moja.

Baadaye nilikwama kwenye mchanga. Wakatoka vichakani wachungaji watano, wakaacha mbuzi wao, wakavua ndala. Hawakuuliza kitu. Walisukuma kwa pamoja huku wakisoma dua kwa sauti ya chini, gari likatoka. Mmoja, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliingiza mkono dirishani, akaweka kiganja chake juu ya nguo, pale ambapo pangekuwa na kifua, akakiacha hapo kidogo.

"Alikuwa mwepesi," akaniambia kwa Kisomali. "Allah amrehemu."

Nikasema amin.

Tangu hapo nikaanza kuendesha polepole, vile unavyoendesha ukimrudisha mgonjwa nyumbani. Kila shimo lilipotupiga nilisikia mdomo wangu ukisema pole. Mara ya nne au ya tano nikajiuliza, pole nani? Sikugeuka kutazama. Nilikuwa na hofu ya kitoto kabisa kwamba nikigeuka, godoro litakuwa limebadilisha namna lilivyolala.

Mtandao ulikatika nilipoacha barabara kuu.

Nimekwenda kijijini kwa Abti tangu utotoni, na kila mara watoto hutangulia kukimbilia gari. Jana hakukuwa na mtoto. Chai ilikuwa imeachwa jikoni kwa mtu, inachemka peke yake. Nikaliendesha gari mpaka nyumba zilipoishia, na huko ndiko nilikowaona, wanaume wote wa kijiji wamesimama safu kandokando ya makaburi. Mbele yao kulikuwa na lundo la udongo mbichi, mwekundu, haujakauka.

Nikawaza kuna aliyefariki. Na niseme kweli, nilifurahi kidogo. Nikawaza jinsi Mungu anavyopanga, jeneza la Hooyo limefika siku ileile linapohitajika.

Abti Dubow alikuja peke yake. Ana miaka sabini na kitu na alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Alinikumbatia kwa nguvu, hanikumbatii hivyo kawaida.

"Abti, nani amefariki?" nikamuuliza.

Alinitazama kwa huruma kubwa, kama unavyomtazama mtu ambaye msiba umempita akili. Alizunguka nyuma ya gari, akainama kwenye ncha ya ile nguo, akaigeuza. Pembeni palikuwa na uzi wa kijani umefungwa fundo. Mimi sikuwa nimeuona.

"Uzi huu nilimfungia mimi mwenyewe kule Makka," akasema, "isipotee kati ya nguo za wenzake." Kisha akawageukia watu. "Ni yeye. Ni Halima."

Halima ni mama yangu.

Nilijaribu kusema. Kuna sauti za watu wengi wakisema inna lillahi kwa pamoja ambazo haziachi nafasi ya sentensi yako. Abti ni kaka yake, anaruhusiwa kumwona uso. Akafungua mlango wa nyuma, akaanza kufungua fundo la juu, huku mimi nikimshika mkono na kusema Abti ngoja, Abti sikiliza, na watu wawili wakinivuta nyuma kwa upole, wakidhani siwezi kustahimili.

Akafunua. Palikuwa na sponji ya njano iliyokunjwa, ina doa la chai.

Hakuna aliyecheka. Nilitegemea mtu angecheka, au angenitukana, na ningeshukuru. Upepo tu ulikuwa unaicheza ile nguo. Nikaeleza yote pale pale, nadhiri, rangi mbichi, vumbi, godoro la Mutua. Kuhusu vizuizi sikusema. Abti alisikiliza mpaka mwisho. Wao waliletewa habari na mtu wa pikipiki aliyepigiwa simu na yule mama wa maziwa, kwamba mwalimu amembeba mama yake, yuko peke yake, anakuja. Wanajua alivyokuwa mgonjwa. Wakachimba haraka ili nisimngojeshe maiti juani.

"Kwa hiyo yuko nyumbani," Abti akasema.

"Yuko nyumbani."

"Umemwona leo?"

"Alikuwa amelala."

"Alikuitikia salamu?"

Nikatoa simu mfukoni. Haikuwa na mtandao.

Nje ya kijiji kuna kichuguu kikubwa wanachopanda kutafuta mtandao. Nilikimbia. Nilipofika juu simu ikaanza kulia mfululizo, ujumbe baada ya ujumbe, watu wakiniombea subira, walimu wenzangu, hata mzazi mmoja ninayemdai kitabu. Chini, Abti na safu yote ya wanaume walikuwa wamenifuata na wamesimama wakiniangalia. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikuwa namwona vile nilivyomwacha, mgongo wake, ukuta, na mimi nimepiga magoti namvutia sanduku chini ya kitanda kama mwizi. Nikajaribu kukumbuka kama ule mgongo ulikuwa unapanda na kushuka. Sikuweza. Mara ya tatu ikaita mpaka ikakatika.

Mara ya nne alipokea.

"Hooyo," akasema. Sisi mama humwita mtoto kwa jina analoitwa yeye. "Hooyo, nani amechukua nguo yangu?"

Nilikaa chini juu ya kichuguu. Siyaandiki niliyolia. Alikuwa ameitafuta tangu asubuhi, amepindua nyumba nzima, simu iko chini ya godoro. Nikamwambia kila kitu, na safari hii nikasema na vizuizi. Nilidhani atanigombeza, Hooyo anajua kugombeza.

"Wamechimba upande gani wa kaburi la mama yangu?" akauliza.

"Kulia."

"Kulia kuna mti mdogo."

"Upo."

"Udongo wa hapo ni laini," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu, karibu ya mtu aliyepewa zawadi. "Waambie wasilifukie."

Nilishuka. Wanaume wote walikuwa wananitazama mdomo. Nikasema yuko hai, nao wakamshukuru Mungu kwa sauti, na mzee mmoja akaketi ghafla chini. Abti akanishika bega.

"Amesemaje kuhusu kaburi?"

"Amesema mlifukie," nikajibu.

Nilichukua sepetu mimi wa kwanza ili asije akaniangalia usoni. Nimetupa udongo mpaka viganja vikachubuka, ndiyo maana leo hata chaki nimeishika kwa tabu. Udongo ukitolewa haurudi wote, ukabaki mgongo juu ya ardhi, mrefu kama wenzake. Abti akaokota jiwe akaliweka kichwani kwa mazoea. Kisha akalitoa, akasimama nalo mkononi, hajui aliweke wapi.

Sasa kuna kaburi pale, kulia kwa bibi yangu, ambalo halina mtu.

Jeneza walilifungua wao kwenye gari. Mipira ya Mutua ilikuwa imebana hasa, ilibidi wakate kwa kisu. Walilibeba watu wanne mabegani mpaka msikitini, ingawa lilikuwa tupu na mmoja angeweza kulikokota. Hakuna aliyetaka kulishusha.

Nilirudi mjini na buti tupu. Kifuniko hakifungi vizuri tena, kilipinda, kikawa kinagonga njia nzima. Vizuizini walinishusha, wakataka kitambulisho, wakaniuliza natoka kwa nani. Niliwajibu vizuri kila swali. Nilistahili.

Hooyo alinipokea mlangoni akiwa amenyoosha mikono. Aliipokea nguo tu, akaitafuta ile pembe yenye uzi.

Leo asubuhi ameifua mwenyewe na kukataa msaada. Ameianika, na upepo ulipoanza ameiingiza ndani haraka kabla ya vumbi. Nilimkuta anaikunja nilipotoka shule. Ameniuliza mara moja tu, bila kuniangalia, kama wameliacha wazi. Nikasema wameliacha. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia anataka Jumamosi nimpeleke akalione, atakaa mbele na mimi, nimwekee mto mgongoni.

Kisha akaiweka nguo sandukuni. Safari hii hakuiweka chini. Ameiweka juu kabisa, juu ya madira yake ya kila siku.

"Usije ukahangaika kuitafuta," akasema.

Sasa jua limeshuka na hajakohoa tangu nilipoanza ukurasa huu. Kesho baada ya swala ya alfajiri nitaingia chumbani kwake, nitatoa salamu, na nitamwambia kwamba kaburi nimelifukia mimi. Nikimkuta ameamka.